Jibu Lisiloombwa

Mtu akiiandikia programu ya Mathematica 1³ + 12³, kisha akaiamuru ifanye kazi, hurudishiwa namba moja tu: 1729. Akiandika 9³ + 10³ hurudishiwa 1729 ile ile. Hakuna kosa lililotendeka, wala mwalimu yeyote wa hesabu hawezi kulipinga jibu. Lakini aliyewahi kusikia kisa cha Hardy na Ramanujan atatambua kwamba kilichokuwa na thamani katika maandishi yale mawili kimefutika. Godfrey Hardy alikwenda kumjulia hali Srinivasa Ramanujan, aliyekuwa mgonjwa huko Putney, London, akamwambia kwamba teksi iliyomleta ilikuwa na namba 1729, namba isiyo na mvuto wowote. Ramanujan akamkatalia: hiyo ndiyo namba ndogo kuliko zote inayoweza kuandikwa kwa njia mbili tofauti kama jumla ya vipeo vya tatu viwili. Ugunduzi huo haumo ndani ya tarakimu nne za 1729. Umo katika mitajo miwili iliyosimama ubavu kwa ubavu, kila mmoja ukiwa bado haujajibiwa. Mashine, kwa utiifu wake wote, humpa mtu kile alichokiona Hardy na kumnyima kile alichokiona Ramanujan.

Suala linalozuka hapa huonekana dogo na la kiufundi: namna ya kuizuia programu isijibu kabla ya kuulizwa. Wanaotumia programu za hisabati ya alama hulikabili karibu kila siku, na wengi wao hulichukulia kama usumbufu tu, kama mlango unaojifunga wenyewe kila upepo unapovuma. Ila chini ya usumbufu huo kuna swali la kale zaidi ya kompyuta. Je, kitu na thamani yake ni kitu kimoja? Na kama si kimoja, ni nani mwenye haki ya kukibadilisha kile cha kwanza kuwa cha pili, na lini?

Ifahamike kwanza kwamba programu hizi si vikokotoo vya kawaida. Kikokotoo hujua namba peke yake. Programu ya hisabati ya alama hushika herufi pia. Huweza kuutanua mtajo, kuugawanya katika vigawo vyake, na kutatua milinganyo, huku x ikibaki x tangu mwanzo hadi mwisho. Mizizi yake ni mirefu. Mwaka 1960 John McCarthy alichapisha maelezo ya lugha ya Lisp, ambamo kila kinachoandikwa huchukuliwa kuwa ni amri ya kutafuta thamani, isipokuwa kitangulizwe na neno maalumu la kunukuu. Neno hilo huiambia mashine: hiki usikitafutie thamani, kichukue kama kilivyo. Kutoka katika ukoo huo ilizaliwa Macsyma, iliyoanza kujengwa katika chuo cha MIT mwaka 1968, na baada yake zikaja Maple huko Kanada, Mathematica mwaka 1988, na SymPy, ambayo hugawiwa bure na imeandikwa kwa lugha ya Python. Zote zimerithi desturi moja: kujibu ndiyo kawaida, na kunyamaza ni jambo la kuombwa.

Katika Mathematica ombi hilo huitwa Hold, yaani shika, zuia. Kilichofungiwa ndani yake hubaki kama kilivyoandikwa mpaka itolewe amri ya kukiachilia. Katika SymPy mtumiaji huongeza maelezo kwamba tathmini isifanyike. Katika Maple na Maxima huwekwa alama za kunukuu, na hapo ndipo mambo yanapokuwa na utamu kwa anayependa kufikiri. Mtu akiweka 2 + 3 ndani ya alama hizo, akitarajia kuiona ikirudi kama ilivyo, hupata 5. Programu haijamdharau. Kwa kanuni zake, kutathmini ni jambo moja na kurahisisha ni jambo jingine. Kutathmini ni kuzitafuta thamani za majina na kuziita kazi zilizotajwa. Huko kunazuilika kwa kunukuu. Kurahisisha, kama kujumlisha mbili na tatu, kumewekwa chini zaidi, mahali ambapo alama ya kunukuu haifiki. Katika Maxima kuna swichi nyingine kabisa ya kukuzima, na wachache huigusa.

Mpangilio huo ni falsafa nzima iliyofichwa ndani ya uhandisi. Umekwisha kuamua kwamba mambo yapo ya aina mbili: yale ambayo mwenye kuandika anaweza kuombwa idhini kabla hayajabadilishwa, na yale yaliyo dhahiri mno hata kuomba idhini ni kupoteza wakati. Aliyeuchora mpaka baina ya aina hizo hakuwa Muumba wa namba. Alikuwa mtunga programu, ofisini kwake, mwenye mawazo fulani juu ya nani ataitumia kazi yake. Ndiyo maana mpaka wenyewe hutofautiana: Maple na SymPy zikipewa 2 mara mabano ya x + 1 huyafungua mabano papo hapo na kutoa 2x + 2, lakini Mathematica huyaacha yamefungwa. Jambo lililo dhahiri kwa mmoja limekuwa shauri kwa mwingine.

Wanafalsafa walilipita njia hii mapema. Immanuel Kant, katika toleo la pili la kitabu chake cha uhakiki wa akili tupu, mwaka 1787, alidai kwamba mtu anaweza kulichambua wazo la 7 + 5 kadiri apendavyo bila kuikuta 12 humo ndani. Ni lazima atoke nje ya wazo hilo, ahesabu, ndipo aifikie. Gottlob Frege hakukubaliana naye kuhusu hesabu, lakini mwaka 1892 alitoa hoja iliyo karibu zaidi na hili la mashine: majina mawili yanaweza kuelekea kwenye kitu kimoja huku yakiwa na maana tofauti. Nyota ya asubuhi na nyota ya jioni ni sayari ile ile, Zuhura; hata hivyo kuligundua hilo kulikuwa elimu, ilhali kusema kwamba Zuhura ni Zuhura hakumfundishi mtu kitu. Programu inayotathmini kila kitu mara tu kinapoandikwa ina ulimwengu ambamo kauli zote za kweli ni za aina hiyo ya pili. Ukiiuliza kama 1³ + 12³ ni sawa na 9³ + 10³, hukokotoa pande zote mbili, hukuta 1729 na 1729, na hujibu ndiyo. Imesema kweli, na imeipitia habari bila kuitambua.

Msemaji wa Kiswahili hana haja ya kwenda Ujerumani kuupata mfano. Anayetega kitendawili husema kwanza neno hilo lenyewe, na wasikilizaji humwambia atege. Kisha husema kwamba nyumba yake haina mlango. Kila mtu mzima aliyeketi pale anajua kuwa ni yai. Hakuna habari mpya inayotafutwa. Kinachotafutwa ni ule muda kati ya nyumba na yai, ambamo mtoto anaigeuza nyumba kichwani mwake, anapapasa kuta zake, anatafuta pa kuingilia. Mkubwa anayeropoka jibu wakati huo hukemewa, na ni haki akemewe, ingawa alilolisema ni sahihi. Na wasikilizaji wakishindwa, jibu bado halitolewi hivi hivi: mtegaji hudai apewe mji, nao humpa, na hutawala huko kidogo kabla ya kuufungua mtego wake. Utaratibu wote huo wa mji ni njia ya jamii ya kusema kwamba jibu lina bei, na kwamba kitendawili kisichojibiwa bado ni kitu kamili, chenye haki ya kukaa hivyo mpaka wakati wake. Methali ya haraka haraka haiingii hapa, kwa kuwa mashine haina haraka yoyote. Kosa lake, kama ni kosa, ni kwamba haina sababu ya kungoja.

Inaweza kudaiwa kwamba hayo ni mambo ya michezo na starehe za akili, na kwamba pale penye haki za watu jibu la haraka na sahihi ndilo linalohitajika. Basi iangaliwe hesabu ya mirathi, hesabu ambayo nyumba nyingi za Waislamu wa pwani na za jamaa zao walioko Maskati, Dubai au London hupambana nayo siku chache tu baada ya maziko. Nayo si ngeni kwa aljebra. Muhammad ibn Musa al-Khwarizmi, aliyeandika Baghdad katika karne ya 9 kitabu kilichoipa elimu hiyo jina lake, alikitenga sehemu kubwa ya kitabu hicho kwa masuala ya wasia na urithi.

Mwanamke amefariki. Hakuacha mtoto wala mzazi. Ameacha mume na dada wawili wa baba mmoja na mama mmoja. Fungu la mume ni nusu. Fungu la dada wawili kwa pamoja ni thuluthi mbili. Mashine ikipewa nusu na thuluthi mbili izijumlishe hutoa 7/6, na hapo imekwama, au imemkwamisha aliyeiuliza: mali haiwezi kugawanywa kwa zaidi ya yote. Jibu ni sahihi na halina msaada. Msomi wa mirathi hafanyi hivyo. Yeye huziweka sehemu zote mbili juu ya asili moja, ambayo ni 6, akaandika 3/6 na 4/6, kisha akaziacha. Hazirahisishi. Huyatazama mafungu matatu na mafungu manne, akaona ni saba, na asili ya masuala huiinua kutoka 6 hadi 7. Mume hupata 3/7, dada hupata 4/7, na kila mmoja amepunguziwa kwa uwiano ule ule. Hiyo ndiyo kanuni iitwayo auli, inayofuatwa na wanazuoni wengi wa Sunni, nayo haiwezi kutendeka ila kwa mtu aliyekubali kuiacha 3/6 ibaki 3/6.

Kwa programu nyingi za alama, 3/6 ni kitu kisichoweza kuwapo. Hugeuka nusu kabla wino haujakauka. Katika SymPy hali ni mbaya zaidi, kwa sababu lugha ya Python iliyo chini yake huwahi kuigawa 3 kwa 6 na kuikabidhi 0.5, desimali, kabla SymPy haijapata nafasi ya kusikia kwamba palikuwa na sehemu. Mtumiaji anayedai tathmini isifanyike huwa amechelewa. Aliyemzuia mlangoni hakumkuta, mgeni amekwisha kupita dirishani. Inafaa kulitafakari hilo. Kuzuia hukumu hakutoshi kama kunafanyika katika ngazi moja tu, kwani huenda ngazi iliyo chini imekwisha kuhukumu kimya kimya. Na ni vyema pia kukumbuka kwamba neno la shuleni la namba ya chini katika sehemu ni hilo hilo, asili. Mwenye kuirahisisha 3/6 ameitupa asili yake, na mume yule hawezi tena kuambiwa fungu lake lilitoka wapi.

Kuna suala jingine mashuhuri katika elimu hiyo. Mtu amefariki, ameacha mke, binti wawili, baba na mama. Mke ana thumuni, binti wana thuluthi mbili, baba sudusi na mama sudusi. Asili ni 24. Mafungu ni 3, 16, 4 na 4, jumla 27. Inasimuliwa kwamba Ali bin Abi Talib aliulizwa suala hilo akiwa juu ya mimbari, naye akajibu bila kuikata hotuba yake kwamba thumuni ya yule mke imekuwa tusui. Na ndivyo ilivyo: 3/24 imekuwa 3/27, ambayo ni 1/9. Mfano huu ni muhimu kwa kuwa unamkatalia anayetaka kuifanya subira kuwa fadhila isiyo na mpaka. Yeye alijibu papo hapo. Alirahisisha. Aliyemuuliza alihitaji neno moja, akapewa neno moja, na ufupi wenyewe ndio ulioufanya usimuliwe. Lakini jibu hilo lilikuja mwisho wa njia. Angeirahisisha 3/24 kuwa 1/8 mwanzoni na kusimama hapo, tusui isingepatikana kamwe.

Mpaka hapa lawama juu ya jibu la mapema ni kwamba huificha njia. Ipo lawama nzito zaidi: kwamba mara nyingine huligeuza jambo lenyewe. Karibu programu zote zikipewa x gawanya kwa x hutoa 1, bila neno. Kwa kila namba hiyo ni kweli, isipokuwa moja. Iwapo x ni sifuri, mtajo ule hauna thamani yoyote, lakini 1 iliyokaa mahali pake haina kumbukumbu kwamba palikuwa na sharti. Sharti lilikuwa limeandikwa ndani ya umbo la mtajo, katika ule mstari wa kugawanya, na umbo limeondoka nalo. Kila mwanafunzi aliyewahi kuonyeshwa ule uthibitisho wa uongo kwamba 1 ni sawa na 2 anajua ubaya unapoingilia: pande mbili zimegawanywa kwa a toa b, na a ni sawa na b. Kosa halionekani katika mstari wa mwisho hata ukikodolewa macho mchana kutwa.

Watunga programu si wapumbavu. Wanalijua hilo, na wameamua kwa makusudi kwamba faida ni kubwa kuliko hasara. Kwa kipeuo cha pili cha x² wamekuwa waangalifu zaidi. Ingerahisi kuandika x, lakini kama x ni -3 jibu sahihi ni 3, basi Mathematica na SymPy huuacha mtajo kama ulivyo mpaka mtumiaji aseme wazi kwamba x ni chanya. Hapo mashine inatenda kama hakimu mwema: haina ushahidi wa kutosha, haihukumu. Kinachostaajabisha ni kwamba mashine ile ile, katika mstari unaofuata, itaihukumu x/x bila kumsikiliza shahidi yeyote. Tofauti haitokani na ukweli. Imetokana na mazoea: watu wengi hukereka wakiona x/x imebaki, na wachache hukereka wakiona kipeuo kimebaki.

Upande wa pili usikizwe nao, maana una hoja na hoja zake si za uvivu. Mnajimu wa Ufaransa Charles-Eugène Delaunay alikokotoa mwendo wa mwezi kwa mkono, kazi iliyomchukua miaka 20 hivi na kujaza majalada mawili makubwa yaliyotoka mwaka 1860 na 1867. Mwaka 1970 watafiti watatu huko Marekani waliikabidhi kompyuta kazi hiyo, nayo ikaimaliza kwa muda wa saa 20 hivi na kubaini makosa machache mno. Miaka 20 kwa saa 20. Asiyeiona neema ya tathmini inayojiendesha yenyewe hapo, basi hajawahi kukokotoa kitu kirefu. Tena, mtajo usiorahisishwa njiani huvimba. Hatua mia zisizojibiwa huzaa mistari maelfu, na kompyuta yenyewe hulemewa kwa mzigo wa vitu ambavyo vingekatana na kuisha kama vingeruhusiwa. Programu inayozuia kila kitu ni daftari la gharama kubwa. Na mtu azuiaye kila hukumu si mwenye hekima. Mara nyingi ni mwoga, au ana maslahi katika kuchelewa. Wenye mirathi iliyokaa miaka kumi bila kugawanywa, huku mjomba mmoja akikusanya kodi ya nyumba, hawahitaji kufafanuliwa.

Lakini katika kisa hicho hicho cha Delaunay kuna jambo la kutua. Aliweza kuhakikiwa baada ya karne moja kwa sababu alikuwa amezishika herufi. Angeweka namba mahali pa herufi tangu mwanzo, kila hatua ikageuka tarakimu, waliokuja baada yake wangeikuta jumla tu, na jumla ikitofautiana na yao wasingejua aliteleza wapi. Mitajo yake mirefu, iliyochapishwa kama ilivyo, ndiyo iliyowezesha kila kipande kulinganishwa na mwenziwe. Kasi ya mashine na subira ya mtu zilikutana juu ya maandishi ambayo hayakuwa yamejibiwa.

Tena haijulikani, wala haiwezi kujulikana kwa ujumla, ni wapi hasa mtajo unapaswa kusimama. Mwaka 1968 Daniel Richardson alithibitisha kwamba hakuna utaratibu mmoja unaoweza kuamua, kwa kila mtajo wa aina za kawaida, kama ni sawa na sifuri au la. Kwa maneno mengine, lile swali dogo kuliko yote, je, hiki ni kitu au si kitu, limeshinda mashine zote zilizopo na zitakazokuja. Miaka mitatu baadaye Joel Moses, mmoja wa wajenzi wa Macsyma, aliandika makala kuhusu kurahisisha mitajo, akaazima jina la kitabu cha Musa bin Maimun kwa waliotatizika, kitabu kilichoandikwa Misri kwa Kiarabu katika karne ya 12. Humo alizipanga programu za wakati wake kama vyama vya siasa. Wapo wenye siasa kali, wanaolazimisha kila mtajo uingie katika umbo moja lililokubaliwa, ili kulinganisha kuwe rahisi. Wapo wahafidhina, wanaoamini kwamba hakuna umbo lililo jepesi kwa watu wote, na kwa hiyo mtumiaji aachiwe kuweka sheria zake. Ulikuwa utani, lakini utani wa mtu aliyejua kwamba chaguo hilo si la hesabu tupu. Neno kurahisisha lenyewe lina swali ndani yake ambalo vitabu vya shule havimwambii mwanafunzi: rahisi kwa nani?

Hata mashine zenyewe haziwezi kuishi bila kuzuia. Katika kila programu ipo amri ya ikiwa. Ikiwa x ni sifuri, toa sifuri. Kama sivyo, gawa 1 kwa x. Kama mashine ingetathmini kila ilichopewa kabla ya kuuliza lolote, ingeigawa 1 kwa sifuri kabla ya kujua kwamba haikupaswa. Kwa hiyo amri hiyo, tofauti na nyingi nyingine, imejengwa ili iyapokee matawi yake yakiwa hayajaguswa, ijibu sharti kwanza, kisha ilifungue tawi moja tu. Tawi la pili hubaki bila kujibiwa daima. Pasipo uwezo huo wa kuacha jambo bila kulijibu, mashine isingekuwa na uwezo wa kuchagua.

Waliokuwa na watoto katika shule za Uingereza mwaka 2020 watakumbuka kiangazi kile. Mitihani ilifutwa kwa sababu ya ugonjwa wa korona. Walimu waliombwa kukadiria alama ambazo kila mwanafunzi angepata, kisha mamlaka ya mitihani ikayapitisha makadirio hayo katika fomula iliyozingatia, pamoja na mambo mengine, matokeo ya shule husika katika miaka iliyopita. Agosti 13 alama za wanafunzi wa miaka 18 zikatolewa, na karibu asilimia 40 zilikuwa chini ya zile walizopendekeza walimu. Kijana hodari katika shule ambayo haikuwahi kutoa wanafunzi hodari alikuwa ametathminiwa kabla ya kufika. Jibu lake lilikuwa limekwisha kupatikana katika watu asiowajua. Hiyo haikuwa programu ya alama, wala x na y hazikuandamana barabarani, ila tendo lenyewe ni la ukoo ule ule: mtajo wenye sehemu nyingi uligeuzwa namba moja, na namba ikatolewa kana kwamba ndiyo mtoto.

Hata hivyo siku nne baadaye, Agosti 17, uamuzi ulibatilishwa na alama za walimu zikarudishwa. Ziliweza kurudishwa kwa sababu zilikuwapo. Katika haraka yote ile, hakuna aliyezifuta makadirio ya mwanzo baada ya fomula kuyameza. Yalikuwa yamehifadhiwa pembeni, kama yalivyoandikwa. Kutoka mtajo kwenda thamani ni safari ya njia moja. Kutoka 1729 hakuna barabara inayorudi 1³ + 12³ hasa, kwani inaweza vilevile kuwa 9³ + 10³, au 1700 na 29, au namba ya teksi. Anayetaka kurudi sharti awe ameacha nakala mahali ambapo tathmini haifiki.

Katika Mathematica ipo namna ya Hold iitwayo HoldForm, nayo hufanya jambo moja la ziada: humzuilia mtajo usijibiwe, kisha hujificha yenyewe. Mwalimu anayeandaa somo la mirathi, akitaka wanafunzi waione asili kabla ya auli, huandika 3/6 ndani yake, na kwenye karatasi hutoka 3/6 peke yake, safi, bila alama ya kufuli wala mabano. Mwanafunzi anayeisoma hana habari kwamba mashine ilikuwa tayari kuigeuza nusu, wala kwamba kuna mtu aliyeiambia ingoje. Huona mafungu matatu katika sita, na chini yake manne katika sita, akaanza kuhesabu.